Maua ya Chupa na Kikapu cha Milulu

Mwezi huu twaomba nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo wengi walilisifu, nasi tulikuwa miongoni mwao, walakini tulipolitazama tena tuliona ya kuwa sifa zile tulizigawa vibaya. Jambo lenyewe ni ile iitwayo siku hizi sanaa ya takataka, ambayo kwayo watoto wa shule huagizwa kuokota chupa, makopo, vizibo na makaratasi, wakatengeneza vitu vya kupendeza, ili wajifunze kwa mara moja ufundi wa mikono na utunzaji wa nchi tuliyopewa na Muumba wetu. Shauri hilo ni jema, wala hatuandiki ili kulipinga. Mtaala wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo, tena umeweka Jiografia na Mazingira, na mwalimu ayaunganishaye masomo hayo mawili hatendi kosa. Twaandika kwa sababu shauri jema laweza kutendwa vibaya, na likitendwa vibaya huku watu wanapiga makofi, ni vigumu kulitengeneza tena.

Kiangazi kilichopita shule tufundishayo, hapa upande wa Tosamaganga, ilifanya siku ya maonyesho ya kazi za mikono. Wazazi walialikwa, wazee wa parokia wakaja, na meza zikapangwa chini ya mikaratusi iliyo mbele ya madarasa. Vitu vilikuwa vingi: mikufu ya vizibo, wanasesere wa makopo, fremu za picha zilizofunikwa makaratasi ya biskuti, na katikati ya vyote ulisimama mti wa maua. Tawi kavu lilikuwa limesimikwa ndani ya debe la mchanga, na katika vijitawi vyake yalining'inia maua yapatayo mia na ishirini, yaliyokatwa katika vitako vya chupa za soda za plastiki na kupakwa rangi nyekundu, manjano na buluu. Jua la alasiri lilipoyapiga, yaling'aa hata wazazi wakashangilia. Mzee mmoja alisema, "Kumbe taka nazo zina utukufu wake!" Nasi tuliokaa katika kiti cha uamuzi, pamoja na walimu wawili wenzetu, tukaupa mti ule tuzo ya kwanza pasipo kusitasita.

Kesho yake, watu walipokwisha kwenda zao, tulisimama mbele ya mti ule peke yetu, tukaona jambo ambalo jana hatukuliona. Maua yote mia na ishirini yalikuwa na petali tano. Yote yalikuwa na umbo moja na upana mmoja, yakatofautiana kwa rangi tu. Sababu yake si ngumu. Kitako cha chupa ya soda kimefinyangwa kiwandani kiwe na vifundo vitano, ili chupa isimame wima, tena isitutumke kwa nguvu ya hewa iliyofungiwa ndani ya soda. Basi umbo la ua lilikwisha kuamuliwa na kiwanda, na kazi ya mtoto ilikuwa kufuata mkunjo kwa mkasi. Tulimwita mvulana mmoja aliyetengeneza maua mengi kuliko wenzake, tukamwuliza, "Hili ni ua la mmea gani?" Akajibu, "Ni ua la chupa, Mwalimu." Tukamwuliza tena ua la haragwe lina umbo gani, maana kwao wanalima maharage. Akafikiri kitambo, akasema hajaliangalia.

Jibu lake lilikuwa la kweli, nasi twampenda kwa hilo, lakini lilituchoma. Ua la haragwe lafanana na kipepeo aliyekunja mabawa. Ua la boga ni tarumbeta. Alizeti, ambazo zimejaa mashamba ya Iringa, hubeba duara la vijiua vidogo visivyohesabika kwa haraka, vimejipanga kwa mizunguko. Mtoto amepita katikati ya hayo yote kila asubuhi akija shuleni, kisha amekaa siku nne akikata maua, wala hakuna aliyemwambia ainue macho atazame ua. Picha ya mti ule mwalimu mwenzetu aliiona mahali, akatengeneza ua moja la mfano, watoto wakanakili. Tena twakiri kwamba mfano ule tuliushika mkononi sisi wenyewe, tukasema ni mzuri. Basi kama kazi ya sanaa, mti ule ulikuwa na mng'ao na haukuwa na mtazamo wa mtoto hata mmoja.

Je, kama somo la mazingira? Hapo ndipo palipo pabaya zaidi. Tuliwaagiza watoto kila mmoja alete chupa tano. Wako waliookota njiani. Lakini kijiji chetu si mji, na chupa tupu hazikuzagaa kwa hesabu tuliyoitaka. Mama mmoja alitueleza baadaye, bila kinyongo, ya kuwa alinunua soda tano dukani kwa fedha aliyokusudia kununulia mafuta ya taa, kwa kuwa mtoto alilia akiogopa kuchapwa. Watoto wengine walinunua chupa tupu kwa kijana azikusanyaye na kuzipeleka mjini Iringa, ambako hununuliwa kwa uzito zikayeyushwe na kufanywa vitu vingine. Angalieni mambo yalivyopinduka: chupa zilizokuwa tayari njiani kwenda kutengenezwa upya tulizirudisha shuleni, tukazikata, tukazipaka rangi na gundi. Maonyesho yalipokwisha tulimwita kijana yule aje azichukue. Alizigeuzageuza mikononi, akasema, "Mwalimu, hizi sasa ni taka. Zenye rangi na gundi hawazitaki." Tulizihifadhi stoo hata panya wakaanza kuzichezea, ndipo zikatupwa shimoni nyuma ya vyoo, zikachomwa moto pamoja na karatasi za mitihani. Moshi ule mweusi uliingia darasa la kwanza, na watoto wadogo wakatoka nje wakikohoa. Kwa hiyo tuliwafundisha watoto wetu kununua taka, kuziharibu, na kuzivuta mapafuni, na kwa kazi hiyo tukatoa tuzo.

Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Twaona faida yake kando ya barabara zetu. (Ni watoto tu waliosikitika, kwa kuwa mipira yao ya chandimu ilifungwa kwa mifuko ile.) Walakini chupa za maji na soda hazikuwamo katika katazo hilo, nazo zikitupwa huku kwetu hazikai huku. Mvua huzisukuma makorongoni, makorongo huzipeleka Ruaha Mdogo upitao Kalenga, nao huingia Ruaha Mkuu, zikafika bwawa la Mtera. Na maji yale hushuka mpaka Rufiji na Bahari ya Hindi. Plastiki haiozi kama jani. Hukatikakatika tu kuwa vipande vidogo zaidi na zaidi. Mtoto akielezwa njia hiyo kwa kuichora mchangani, tangu mlangoni pa shule hata baharini, amejifunza jambo ambalo mti wetu wa maua haukumfundisha.

Sasa turudi kwenye meza za maonyesho, kwa maana kulikuwako kitu kingine. Pembeni kabisa, nyuma ya wanasesere wa makopo, msichana mmoja wa darasa la tano aliweka kikapu cha milulu ambacho hakijakwisha. Kitako kilikuwa kimekamilika na ubavu umepanda kiasi cha vidole vinne, na milulu iliyosalia ilisimama juu imetawanyika kama nywele za mtu aliyeamka. Upande mmoja mzunguko ulikuwa umepotoka. Tulikitazama kwa haraka. Kanuni yetu ilisema vitu vyote viwe vya takataka, na milulu si takataka, tena kazi yenyewe haijakwisha; tukaandika sifuri katika daftari, tukapita. Msichana yule hakusema neno. Jioni alikifunga ndani ya kanga, akaenda nacho kwao.

Sifuri ile ilitusumbua kuliko moshi. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwao, tukamkuta bibi yake ameketi uani. "Kamwene, bibi," tulisalimu, naye akaitika, akatuletea kigoda. Hakutuuliza habari za tuzo, wala sisi hatukuwa na ujasiri wa kuanza nazo. Tulimwomba atuonyeshe kazi ya milulu ilivyo tangu mwanzo. Alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mwanzo wake si hapa. Twende bondeni." Basi tukashuka, bibi mbele, mjukuu nyuma yake, sisi nyuma ya wote.

Milulu ni nyasi za majimaji zilizo jamaa ya mafunjo, ambazo wanawake wa Kihehe husukia vikapu vile vijulikanavyo nchi nzima kwa jina la vikapu vya Iringa. Bibi alitufundisha kuikata juu ya shina na kuacha mizizi ndani ya tope, kwa sababu ukiing'oa umekata kikapu cha mwakani. Akatuonyesha ipi imekomaa na ipi bado. Ile changa hukunjamana ikikauka, na iliyopita wakati wake huvunjika ikipindwa. Ikisha kukatwa huanikwa juani, na siku ya kusuka hutiwa maji kidogo ili itii vidole. Ile ya kutiwa rangi huchemshwa pamoja na majani na mizizi. Msichana yule, ambaye darasani hunyamaza hata tulimdhania mzito wa akili, alisema mambo haya pamoja na bibi yake, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Tena alitusahihisha. Tulikata bua moja chini mno, akasema, "Hapana, Mwalimu, hapo unaliua."

Kisha bibi alisimama, akanyosha mkono kuelekea upande wa pili wa bonde. Alisema alipokuwa msichana milulu ilifika mpaka kwenye jiwe lile kubwa, na sasa imebaki huku tu. Tuliona wazi sababu yake: pale palipokuwa na milulu sasa pana vinyungu, mashamba ya bondeni ya kiangazi, yenye mahindi mabichi, maharage na mboga. Tukamwuliza kama awalaumu wenye vinyungu. Akajibu, "Nitawalaumuje? Kimoja ni cha mwanangu. Watoto hawa hula nini mwezi wa kumi?" Akanyamaza, akaongeza kwamba mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi ndiyo impayo hasira zaidi, kwa kuwa mahindi hunywa maji msimu mmoja, na mti ule hunywa mwaka mzima.

Wasomaji wapendwa, tumesoma katika chuo cha ualimu juu ya uhusiano wa viumbe na mahali pao, nasi twafundisha hayo ubaoni kwa mishale ya chaki. Lakini siku ile, pale bondeni, somo zima lilikuwa limesimama mbele yetu: maji, milulu, njaa, bei ya mboga, mti wa kigeni, na mwanamke mzee ambaye kazi yake hurudi nyuma hatua moja kila mwaka. Katika nchi hii jambo hilo si dogo. Ruaha Mkuu wenyewe ulikauka katika kiangazi cha mwaka 1993, jambo lisilokuwa la kawaida yake, kwa kuwa maji ya Usangu yaligeuzwa kwenda mashamba ya mpunga, na tangu hapo umekuwa ukikauka miaka mingi. Kikapu kile tulichokipa sifuri kilibeba habari za mto ule. Mti wa maua ulibeba habari za kiwanda.

Hata hivyo tusije tukaanguka upande wa pili, tukasema ya kwamba kitu cha asili ni kitakatifu na kitu cha kuokotwa ni najisi. Hiyo nayo ni hukumu ya uvivu. Siku ileile ya maonyesho mvulana wa darasa la sita alileta gari la waya. Magurudumu yake yalikatwa katika soli za kandambili zilizokwisha, usukani ukapanda juu kwa fimbo ndefu ili mtu aliendeshe amesimama, na ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yalipinda kweli. Lile tulilipa tuzo ya tatu. Lilistahili ya kwanza. Mvulana yule aliuliza waya waweza nini, nao ukamjibu ya kuwa waweza kupindwa na kubaki ulivyopindwa. Akaiuliza soli, nayo ikamjibu ya kuwa ni nyepesi, hukamata ardhi na hukatika kwa wembe. Kila kitu alikitumia kwa tabia yake. Hapo ndipo twaweka hukumu yetu yote: kazi ya vitu vilivyotupwa ni njema pale ambapo tabia ya kitu kile ndiyo ifanyayo kazi, na ni mbovu pale ambapo tabia hiyo hufichwa chini ya rangi.

Watu wetu walilijua jambo hili kabla ya neno mazingira kuingia vitabuni. Fundi bati akitengeneza koroboi kwa kopo la maziwa, atumia bati kwa sababu halishiki moto. Mshona katambuga akata tairi lililochakaa kwa sababu limeumbwa kuvumilia njia. Huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao laini za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoweza kununua. Ubao wa mraba ukampa mpaka wa picha, na rangi ile nzito ing'aayo ikampa wanyama wake wenye mistari mikali. Alikufa mwaka 1972, lakini namna yake ya kuchora imekuwa shule. (Kwamba wengi waliofuata hurudia ndege walewale na twiga walewale ili kuwauzia wageni, hilo ni kosa lilelile la maua yetu ya chupa, nasi hatulitofautishi.)

Hapa karibu, mjini Iringa, kiko kiwanda cha mikono cha Neema, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana kwa ajili ya viziwi na watu wengine wenye ulemavu. Kazi yao ya kwanza ilikuwa karatasi ya mavi ya tembo. Watu husikia hivyo wakacheka, nasi tulicheka pia, lakini fikirini. Tembo hula majani, magome na vijiti kwa wingi, na zaidi ya nusu ya chakula hicho hutoka bila kusagwa sawasawa tumboni mwake. Kwa hiyo mavi yake yamejaa nyuzi za mimea, na karatasi ni nyuzi za mimea zilizochemshwa, zikapondwa, zikatandazwa na kukaushwa. Mnyama ameifanya nusu ya kazi. Mtu aliyebuni hilo aliyatazama mavi ya tembo kwa makini kuliko sisi tulivyolitazama ua.

Na huko Lamu mafundi wa majahazi, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda chombo cha tanga chenye urefu wa mita 9 kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, wakakifunika kwa kandambili zipatazo 30,000 za rangi nyingi, wakakiita Flipflopi. Na mwaka 2019 kilisafiri toka Lamu mpaka Unguja. Ubaya wa plastiki ni huu, kwamba haiozi. Lakini ni ubao gani wa chombo mtu angetamani zaidi kuliko ubao usiooza majini? Fundi ameushika ubaya wenyewe, akautwisha mzigo. Laiti tungaliwauliza watoto wetu swali hilo moja, chupa isiyooza yatufaa wapi, labda wangalitengeneza vibomba vya kunyweshea miche matone matone wakati wa kiangazi, au mitego ya panya, au kitu ambacho sisi hatukukifikiri.

Karibu nasi, kandokando ya barabara iendayo Mbeya, liko bonde la Isimila. Zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa huko mwaka 1951, zikachimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, nazo huhesabiwa kuwa na umri wa miaka mia mbili elfu na zaidi. Tumewapeleka watoto huko mara mbili, na mara zote mbili tuliwasomea tarehe tukarudi. Mara ya tatu, baada ya mambo haya, tuliwaagiza watazame jambo moja tu: mtu yule alichagua jiwe gani, na kwa nini asilichague lile lililo karibu nalo. Walikaa kimya muda mrefu kuliko walivyokaa kimya kanisani. Msichana mmoja akasema, "Hili laonekana lilimkatalia, akaliacha." Kisha wakayaona yale magogo ya udongo yasimamayo bondeni kama minara, wakauliza ni nani aliyeyajenga, tukawaambia ni maji tu, yaliyokula udongo pande zote na kuyaacha. Hapo hawakuhitaji tena mafundisho ya mmomonyoko. Nasi twakaao mahali ambapo jina lake, kama isemwavyo, maana yake ni kutupa mawe, tungaliweza kukumbuka mapema ya kuwa jiwe laweza pia kutazamwa.

Twajua watakalosema wenzetu walimu. Darasa letu lina watoto hamsini na wanane. Vipindi ni vifupi. Mtihani wa taifa hauulizi milulu. Haya ni kweli yote, wala hatuna dawa ya hesabu hiyo. Lakini mti wa maua ulichukua siku nne za masomo, na hakuna aliyelalamika. Wengine watasema kikapu ni kazi ya nyumbani, tena ya wanawake, na mtoto haletwi shuleni afundishwe ayajuayo bibi yake. Neno hili lina mizizi mirefu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, kazi ya mikono ilikusudiwa kuwa moyo wa shule, lakini mahali pengi iligeuka kuwa adhabu: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akafyeke. Mtoto aliyefunzwa hivyo huona jembe, udongo na nyasi kuwa ni hasira ya mwalimu. Tena dini yetu haitoi ruhusa ya kudharau hivyo. Katika Kitabu cha Kutoka, Besaleli alijazwa Roho ili atende kazi za mikono, naye alitengeneza sanduku la agano kwa mti wa mshita, mti wa jangwani walikokuwa wakipita. Hakuungojea mti wa nchi nyingine.

Sisi hatukumtangazia msichana yule tuzo mpya mbele ya shule. Tulifikiri juu yake, tukaona ya kuwa tuzo ya pili ingalikuwa ya kututuliza sisi. Tulimwita tu darasani, tukasema mbele ya wenzake kwamba tulikosa, na sifuri ile tukaifuta. Kisha tukamwomba bibi yake aje shuleni Ijumaa. Alikuja na mzigo wa milulu kichwani, akakaa chini kivulini, na watoto wakamzunguka. Wavulana walisimama mbali mwanzoni. Yule wa gari la waya alikuwa wa kwanza kukaa, kwa sababu alitaka kujua milulu mikavu ikitiwa maji yaweza kuvumilia uzito gani. Bibi alimwambia ajaribu mwenyewe. Alifunga jiwe, akalining'iniza, likakaa; akaongeza la pili, milulu ikakatika, watoto wakacheka, naye akaandika daftarini.

Mwezi wa kumi na moja tulishuka nao bondeni, tukapima kwa kamba umbali toka ukingo wa milulu hata jiwe lile kubwa, tukauandika ukutani mwa darasa pamoja na tarehe. Tutapima tena mwakani mwezi uleule. Mwenye kinyungu kilicho karibu, yaani mwana wa bibi, alitutazama kwa mashaka, akauliza kama tumetumwa na serikali. Tulipomweleza alisema ya kuwa hawezi kurudisha shamba lake nyuma, ila ukanda wa hatua tatu kando ya maji hataulima. Mpaka sasa hajaulima.

Kikapu kimekwisha. Msichana alikileta shuleni baada ya Noeli, nacho chakaa juu ya meza yetu, twakiwekea chaki. Ule mzunguko uliopotoka ungalipo, na vumbi la chaki huvuja hapo mezani. Tulimwuliza kama hapendi kuufumua na kuusuka tena. Akasema hapana, mpaka pale alisuka peke yake, na kuanzia hapo bibi alimshika mkono.